Ya Kwanza ni ya Mikayi

Kamera niliyoazimwa na chuo ilikuwa ya mbao, nzito kama mtoto aliyelala, na ilisimama juu ya miguu mitatu ambayo nayo ilikuwa ya mbao. Mbele ilikuwa na lenzi, nyuma ilikuwa na kioo cha ukungu, na katikati mvukuto mweusi uliokunjuka na kukunjika kama wa mhunzi. Haikutumia filamu ya kuviringisha. Ilitumia vipande, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mkono, na kila kipande kilikaa ndani ya kasha lake jembamba lisiloingiza mwanga. Ukifyatua, kipande hicho kimekwisha kazi. Hakuna kurudia.

Nilikuwa mwanafunzi Kampala, na nilikuwa nimerudi kwetu kwa likizo ndefu, mwaka uliofuata uhuru. Mhadhiri wangu alikuwa amenituma nipige picha za nyumba kuukuu za mbao, kuanzia Migori hadi Homa Bay, kabla watu hawajazibomoa wajenge za mawe na saruji. Alitaka nyumba tupu. "Sitaki watu mlangoni," aliniambia. "Mtu akiingia kwenye picha, hakuna anayeitazama nyumba tena." Sikukubaliana naye. Lakini mwaka ule sikuwa nikikubaliana na watu wengi, na kamera nilikuwa nimeipata kupitia kwake.

Nilianza Migori, ambako maduka ya mbao yaliyojengwa enzi za wachimba dhahabu yalikuwa bado yamesimama kando ya barabara, vibaraza vyao vimelegea kama midomo ya wazee. Siku ya kwanza nilitega kamera mbele ya duka moja ambalo fundi cherehani alikuwa amekodi kibaraza chake. Nikajifunika shuka jeusi, nikaanza kuitafuta picha kwenye kioo. Cherehani ikanyamaza.

"Dada," fundi akaniuliza, "barabara itapita hapa?"

"Hapana. Napiga picha tu."

"Ya nani?"

"Ya duka."

Akalitazama duka, akanitazama mimi na suruali yangu, kisha akalitazama duka tena.

"Duka limefanya nini?"

Nilikuwa nimesoma kuhusu mitindo ya paa na njia za kuunga mbao, lakini swali hilo halikuwamo. Watu wa kwetu walipigwa picha kwa sababu: wameoa, wamefuzu, wanaondoka, wamekufa. Duka lile lilikuwa limefanya nini zaidi ya kusimama? Nilimaliza kazi Migori nikiwa bado nalitafuna swali la fundi, nikashuka Homa Bay na vipande vitatu vya filamu. Vitatu tu, na nilikuwa nimevihifadhi makusudi, kwa sababu nyumbani kwa babu yangu kulikuwa na nyumba tatu za mbao.

Boma la babu lilikuwa ufuoni, mwendo mfupi kutoka mjini. Ujanani alikuwa amefanya kazi kwenye mashua zilizobeba pamba, na alipopata uwezo hakutaka kujenga kwa udongo kama wenzake. Aliwaita mafundi wa mashua. Wakapasua mvule, wakaulalisha ubao juu ya ubao kama ubavu wa chombo, wakaziba nyufa kwa pamba na utomvu. Nyumba ya kwanza ilipokwisha, watu walitembea kutoka mbali kuja kuiona. Walisema ni mashua iliyopotea njia ikapanda nchi kavu. Hiyo ilikuwa nyumba ya Mikayi.

Mikayi si jina. Ndivyo Wajaluo wanavyomwita mke wa kwanza. Wa pili ni Nyachira, wa tatu ni Reru, na nyumba zao hukaa kwa utaratibu: ya Mikayi hutazamana na lango, ya Nyachira huwa mkono wake wa kulia, ya Reru mkono wa kushoto. Aliyemzaa baba yangu ni Nyachira, lakini wote watatu niliwaita Dani, yaani bibi, na wote watatu walikuwa na haki sawa ya kunigombeza.

Utaratibu huo haukuishia kwenye nyumba. Mikayi ndiye aliyepanda mbegu kwanza, ndiye aliyepalilia kwanza, ndiye aliyevuna kwanza. Nikiwa mtoto, mwaka mmoja mvua ilinyesha mapema Mikayi akiwa na homa, na boma zima likakaa na majembe likimsubiri apone, huku majirani wakimaliza mashamba yao. Niliuliza ni nani aliyepanga hivyo. Niliambiwa nikachote maji. Naamini nilianza kuwa msomi siku hiyo, kwa hasira.

Sasa ziwa lilikuwa limepanda. Kwa zaidi ya mwaka mmoja maji yalikuwa yakiongezeka wala hayarudi. Yalimeza gati la zamani, yakameza bustani za viazi vitamu, na nilipofika yalikuwa yanalamba ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mikayi, ambayo ndiyo iliyokuwa karibu na ufuo kuliko zote. Mbao za chini zilikuwa zimegeuka nyeusi na laini. Ukizibonyeza kwa kidole, kidole kinaingia.

Babu alikuwa ameamua kuhamia mlimani baada ya mavuno. Huko juu kungekuwa na nyumba tatu za udongo zenye mabati, kwa sababu mvule ulikuwa haupatikani tena. Mabati yenyewe alikwisha kuyanunua. Yalikaa karibu na ghala yamefunikwa mikeka ya mafunjo, yakiwa bado na mng'ao wa dukani. Mbao nzima za nyumba ya Mikayi alikuwa amewaahidi watengeneza mashua.

Nilimpa pole Mikayi kwamba maji yameanzia kwake. Alinitazama kama nimemtukana.

"Kwani ulitaka yaanzie kwa nani?" akasema. "Hata ziwa linajua."

Hata hivyo alikuwa na jambo lililomsumbua, na aliniambia jioni hiyo hiyo tukichambua omena, wale dagaa wa ziwani. (Tulizungumza Kijaluo, hapa nayaweka kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.) "Mwaka ujao nitakuwa kwenye nyumba ya udongo kama kila mtu. Nitasema nilikuwa na nyumba ya mbao, ya kwanza ufuo huu wote. Wake wa wajukuu wataitikia, ndiyo Dani, ndiyo Dani, kama wanavyomwitikia mzee anayedai aliwahi kumpiga simba kofi." Akakung'uta ungo. "Hicho chombo chako, kinaweza kuionyesha kama ilivyo?"

"Kila ubao," nikasema. "Hata misumari."

"Basi vizuri," akasema, akageukia mambo mengine, na mimi nikadhani tumemaliza.

Asubuhi niliamka na mpango. Nyumba ya Nyachira ilikuwa upande wa magharibi wa ua, imetazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi liliipiga usoni. Ya Reru ilitazama magharibi. Hiyo ilikuwa ya jioni. Ya Mikayi ndiyo iliyokuwa taabu. Ilitazama kusini, ikiwa imelipa ziwa mgongo, na miezi ile jua hupita upande wa kaskazini. Uso wake ulikuwa kivulini tangu asubuhi hadi usiku, na nyuma yake maji yaling'aa kama sahani. Kwenye filamu ingetoka kama donge jeusi lenye paa. Nilikuwa bado nafikiria nifanye nini nayo, na wakati nafikiria, niliona busara kuanza na ile yenye mwanga.

Nilitega miguu mitatu mbele ya nyumba ya Nyachira. Yeye alikuwa tayari mlangoni, amevaa gauni lake jeupe la akina mama wa kanisa na kitambaa kichwani, ingawa nilikuwa nimemweleza kwamba nahitaji nyumba tu. Nikaingia chini ya shuka jeusi. Nikasogeza lenzi mbele, nikairudisha, hadi mbao zikasimama wazi kwenye kioo, kichwa chini miguu juu, kama picha zote zinavyokuwa kwenye kamera za aina ile. Kisha katikati ya kioo akatokea mtu, akaweka kigoda, akaketi.

Nikatoa kichwa. Alikuwa Mikayi, na beseni la viazi vitamu na kisu.

"Dani, umekaa mbele ya kamera."

"Najua." Akaanza kumenya.

"Nataka kuipiga nyumba iliyo nyuma yako."

"Iliyo nyuma yangu ni ya nani?"

"Ya Nyachira."

"Na mimi ni nani?"

Nikashusha pumzi. Nilieleza habari ya jua, mashariki na magharibi, kivuli na mwanga. Nilieleza vizuri, nilikuwa na sifa ya kueleza. Nikamalizia kwamba picha si mbegu, kwamba picha hazina ya kwanza wala ya mwisho.

"Hicho chombo kinazipiga moja moja au zote pamoja?"

"Moja moja."

"Basi kuna ya kwanza."

"Lakini jua halijui nani aliolewa kwanza."

"Jua halijui," akakubali. "Wewe je?"

Na hapo nikaelewa jinsi jambo lenyewe lilivyoonekana kutoka kwenye kigoda. Mjukuu wa Nyachira amerudi kutoka chuoni na chombo cha thamani, na asubuhi na mapema amekitega mbele ya nyumba ya bibi yake mwenyewe. Boma zima lilikuwa limeshaona. Ningeweza kuapa kwa jua na sayari zake zote, na hakuna ambaye angeamini kwamba sababu ilikuwa mwanga.

Nyachira alisema kutoka mlangoni, "Mwache mtoto afanye kazi. Jua halingoji mtu."

Mikayi hakugeuza kichwa. "Hata wewe sikukungoja, ukaja. Jua nalo litakuja."

Reru, aliyekuwa akianika omena upande wa pili wa ua, alicheka hadi akashika kiuno. Babu alikuwa kwenye kiti chake karibu na ghala, redio sikioni, hasikii lolote. Mume wa wake watatu hujifunza uziwi mapema.

Nilimwomba Mikayi aje aone mwenyewe. Nikaihamisha kamera, nikaielekeza kwenye nyumba yake, nikamwinulia shuka. Akaingia, nami nikaingia naye, vichwa viwili gizani, tukinukia mafuta ya taa na viazi vibichi.

"Nyieka wawili wamejificha humo," Reru akasema nje. "Wanamteta nani?" Nyieka ni mke mwenza, ndivyo bibi zetu wanavyotutania sisi wajukuu wa kike, eti na sisi tumeolewa na babu.

Mikayi aliitazama nyumba yake kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Umeipindua."

"Inapinduka yenyewe. Ikitoka kwenye karatasi itakaa sawa."

"Kama mashua iliyozama." Hakuogopa, alikuwa akipima. "Mlango wangu uko wapi?"

"Hapo."

"Hapo ni weusi mtupu. Mlango wangu ni wa buluu."

"Ndicho nilichokuwa nikisema, Dani. Hakuna mwanga."

"Basi leta mwanga."

"Kutoka wapi?"

"Si umesoma?"

Alitoka chini ya shuka, akarudi kwenye kigoda chake mbele ya nyumba ya Nyachira, akaendelea kumenya. Nilibaki gizani peke yangu, kwa sababu nilikuwa na hasira na humo hakuna aliyeniona. Niliwaza kuifyatua nyumba ya Mikayi hivyo hivyo, nyeusi, iwe imeshakuwa ya kwanza, kisha niendelee na kazi. Nani angejua? Lakini ningekuwa nimetumia kipande kizima kupiga picha ya donge, na yeye angesubiri miezi, na siku nitakapomletea angenyoosha kidole mahali palipo mlango wake na kuuliza uko wapi.

Ndipo kitu kikapita kwenye kioo. Ukanda wa mwanga ulikatiza ukuta wa Mikayi, ukafichua mbao moja baada ya nyingine, ukagusa ukingo wa mlango wa buluu, ukapotea. Nikatoa kichwa. Reru alikuwa anavuka ua na bati jipya mikononi, amelichomoa chini ya mikeka ili apate pa kuanikia omena zaidi.

Masikio ya babu yakafunguka. "Bati hilo ni la nyumba ya Mikayi kule juu. Halianikiwi samaki."

"Dani, rudi nyuma," nikamwambia Reru. "Rudi ulikotoka. Polepole. Liinamishe kidogo."

"Kushoto au kulia?"

"Hivyo hivyo. Simama."

Mwanga ukakaa ukutani. Haukuwa mwanga mmoja. Ulikuwa na mistari, kwa sababu ya mikunjo ya bati, lakini ulikuwa mwanga wa jua halisi, umetolewa juu ya ziwa na kurudishwa kwenye uso wa nyumba ambayo jua lilikuwa limeipa kisogo. Sijawahi kujivunia kichwa changu kama dakika ile, na bado nakijivunia, ingawa najua bila omena za Reru ningekuwa chini ya lile shuka hadi leo.

Bati moja halikutosha. Babu alilalamika kwamba mabati yatakwaruzwa, Mikayi akamwambia mabati ni yake na anaanza kuyatumia leo, na babu akasimama akashika la pili, kwa heshima zote, kama anashika mlango wa kanisa. Mimi nilikimbia huku na huko nikiwapanga, kisha nikarudi kwenye kioo. Paa lilionekana. Madirisha yalionekana. Kila ubao ulikuwa na ukingo wake. Ila mlango na kizingiti chake bado vilikuwa gizani, chini ya upenu, na mlango ndio aliouuliza.

"Tunahitaji la tatu," nikasema. "La chini."

Wote wanne tulikuwa tumeshamtazama mtu mmoja tu. Nyachira alikuwa bado amesimama mlangoni kwake, gauni jeupe, mikono imekunjwa, jua likimpiga kifuani na kivuli cha upenu wake kikianza kumshukia kutoka kichwani. Saa yake ilikuwa inapita na aliijua.

"Mnataka nishike mwanga wa nyumba ya mwingine," akasema.

Alikuwa bibi yangu wa damu, na sikumwomba. Nilijua nikimwomba atakuja kwa ajili yangu, na hilo halingekuwa na maana yoyote kwa mtu yeyote. Mikayi naye hakumwomba. Mke wa kwanza haombi. Aliinuka tu kwenye kigoda, akachukua beseni lake, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nyumba ya Nyachira ikawa haina kizuizi mbele yake.

Nyachira alitazama nafasi ile. Kisha akaondoka mlangoni, akaenda kwenye mikeka, akachomoa bati, akaja nalo akiwa amelikumbatia juu ya gauni lake jeupe. "Niweke wapi?" akaniuliza. "Na tumalize haraka. Jua langu linakwisha."

Nilimpigisha goti moja karibu na miguu ya kamera. Akaliinamisha bati, akakosa, akaliinamisha tena, na mlango wa Mikayi ukawaka. Buluu ile ilikuwa imechubuka na kufifia, lakini iliwaka, na mbele yake alikuwa amesimama Mikayi mwenyewe. Alikuwa ameweka beseni chini, amefuta mikono, amejifunga leso upya.

"Dani, toka mlangoni. Mwalimu wangu anataka nyumba tupu."

"Nyumba tupu ni gunda," akasema.

Gunda ni boma lililohamwa, mahali ambapo nyasi huota jikoni na kuku wa majirani hutaga. Hakuna Mjaluo anayetaka nyumba yake ionekane hivyo ilhali yu hai. "Mimi sijafa na sijahama," Mikayi akaendelea. "Hiyo nyumba unayotaka kuipiga ni ya nani, kama simo?"

Nilimkumbuka yule fundi wa Migori. Duka limefanya nini? Hapa palikuwa na jibu, limesimama na leso mpya. Nyumba hii ilimpokea mwanamke akiwa msichana, ikawa ya kwanza, ikatazamwa na watu waliotembea kutoka mbali, na sasa ilikuwa inamwomba arudishe heshima hiyo kwa kusimama mlangoni hadi mwisho. Mhadhiri alikuwa Kampala.

"Usitikisike," nikamwambia. "Usipepese macho."

"Mimi?" akasema, na akatulia kama nguzo.

Nikaingiza kasha la filamu nyuma ya kamera, nikachomoa kifuniko chake, nikawaambia wote washike kwa utulivu. Kwa kivuli kile lenzi ilihitaji kubaki wazi kwa muda, kiasi cha mtu kuvuta pumzi ndefu na kuitoa. Nikafungua. Reru alikuwa anauma mdomo asicheke. Babu alikuwa ameangalia mbele kama askari. Upepo ulitoka ziwani, ukalipata bati la Nyachira, nikaona mwanga wa chini ukitetemeka mlangoni kidogo sana, kisha nikaona mikono yake ikikaza hadi mishipa ikasimama, na mwanga ukatulia. Nikafunga.

"Tayari?" Mikayi akauliza bila kufungua mdomo.

"Tayari."

"Basi sasa endelea na wengine," akasema, akaingia ndani, na sikumwona hadi mchana.

Nilipofika kwa Nyachira jua lilikuwa limebakiza kichwa tu kabla ya kuvuka paa lake. Liliteremka ukutani kwa ubavu, likigusa ukingo wa kila ubao na kuuacha wa chini yake kivulini, na kwenye kioo nyumba ilionekana imechongwa, si imejengwa. Ilikuwa nzuri kuliko ambavyo ingekuwa asubuhi. Sikumficha. Nilimwita aone.

Akatazama, akatoa kichwa, akasema kwa sauti ya kufika hadi nyumba ya Mikayi: "Hata makombo ya jua yananitosha."

Ya Reru tuliipiga jioni bila taabu yoyote, na Reru akalalamika kwamba hakuna aliyemgombea.

Kampala nilizisafisha filamu mwenyewe. Nilipoiinua ile ya kwanza kwenye maji, kila ubao ulikuwapo, na misumari, na mwanamke mlangoni mwenye uso wa mtu aliyelipwa anachostahili. Mhadhiri aliilaza picha mezani, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Chini ya upenu, mahali ambapo jua halifiki kamwe, palikuwa na mwanga, na ukutani palikuwa na mistari asiyoielewa.

"Jua lilikuwa upande gani hapa?" akauliza.

"Nyuma ya nyumba."

"Haiwezekani."

"Mwanga huo umeletwa na mke wa pili," nikamwambia. "Na wa tatu. Na mume."

Alisema ni picha nzuri lakini si kielelezo, kwa sababu nilikuwa nimemweka mtu na nimechezea mwanga. Akazichukua za Nyachira na Reru kwa mkusanyiko wake, akanirudishia hiyo. Nilitoka ofisini kwake nikiwa nimeibeba kama cheti.

Nilipoipeleka nyumbani, boma lilikuwa limeshahamia mlimani. Nyumba ya udongo ya Mikayi ilikuwa imetangulia kujengwa, na mabati juu yake yalikuwa na mikwaruzo ambayo babu alinionyesha mmoja mmoja. Kutoka mlangoni uliliona ziwa lote. Mashua kadhaa zilikuwa karibu na mahali palipokuwa ua wetu, na moja yao ilikuwa na ubao mmoja wa buluu ubavuni.

Mikayi alifuta mikono kabla ya kuipokea picha. Hakuuliza kama ni nzuri.

"Hii ndiyo ya kwanza?"

"Ndiyo ya kwanza."

Akaigongomea ukutani mwenyewe, mkabala na mlango, mahali ambapo anayeingia hawezi kuikwepa. Sikuwa nimebadili mawazo kuhusu utaratibu ule, na sijabadili. Naona bado ni jambo la ajabu watu kukaa na majembe mvua ikinyesha. Lakini kabla ya kuifunga picha ile katika gazeti kwa safari, nilikuwa nimeandika nyuma yake namba moja, kwa kalamu ya wino, na hakuna aliyenilazimisha.

Siku hiyo walikuwepo wake wawili wa wajukuu, wageni bado kwenye boma, na mmoja wao akauliza kama kweli watu waliishi ndani ya mbao. Mikayi hakubishana. Alimvuta mkono hadi ukutani, akamwonyesha mbao, akamwonyesha paa, akamwonyesha mlango, akamwonyesha yeye mwenyewe. Kisha kidole chake kikashuka hadi kwenye kizingiti, mahali ambapo mistari ya mwanga ilikuwa na ukungu kidogo.

"Na mwanga huu wa hapa chini," akasema, "ulishikwa na Nyachira. Alipiga goti na gauni la kanisa. Pale mkono wake ulitetemeka."

Nyachira alikuwa amekaa karibu na mlango, anamsuka kitukuu.

"Haukutetemeka," akasema. "Ni upepo."

"Ulitetemeka kidogo."

"Upepo, nyieka. Muulize mtoto, alikuwa anaangalia."

Wote wawili wakanigeukia.